"Iko wapi mu Biblia?": Kwa nini Wakatoliki na Waprotestanti hawatumii Maandiko kwa namna moja

Kilio kikiingia katika jamaa ya Munigi, kitu cha kwanza ni shitingi. Inafungwa mbele ya nyumba, juu ya mawe ya makoro, na viti vinatafutwa kwa majirani. Kitu cha pili mara nyingi ni swali: nani ataongoza maombi? Marehemu alikuwa Mkatoliki, watoto wake wawili wako CBCA, mkwe anasali CEPAC. Watu wa shirika wanataka kusali rozari na kuomba misa kwa ajili ya roho ya marehemu. Upande mwingine wa shitingi mtu anauliza kwa sauti ya chini: "Kuombea mtu mwenye alikwisha kufa, iko wapi mu Biblia?"

Swali hilo linarudi kwenye harusi, kwenye ubatizo wa mtoto, hata shuleni, maana watoto wengi wa Kikatoliki wanasoma katika shule za Waprotestanti, na wa Kiprotestanti katika shule za Wakatoliki. Lina umri wa zaidi ya miaka 500. Watu wengi wanalijibu haraka: wanasema upande mmoja unafuata Biblia na ule mwingine unafuata desturi za watu. Mambo hayako hivyo. Pande zote mbili zinaikubali Biblia kuwa Neno la Mungu. Wanachobishania ni nani ana mamlaka ya kusema Biblia inadai nini, na kama kanisa linaweza kufanya jambo ambalo halikuandikwa wazi.

Makanisa yanayohusika kwetu

Kanisa Katoliki la hapa ni sehemu ya dayosisi ya Goma, iliyoundwa mwaka 1959. Askofu wake tangu 2019 ni Monsinyori Willy Ngumbi. Parokia zimegawanywa katika mashirika, yaani jumuiya ndogo za majirani wanaosali pamoja kila juma.

Kwa upande wa Waprotestanti hakuna kanisa moja lenye askofu mmoja. Tangu 1970 jumuiya nyingi ziko pamoja chini ya Kanisa la Kristo katika Congo, ECC, na kila moja ina namba yake. Ya 3 ni CBCA, ya Wabaptisti, yenye makao makuu Goma. Ya 8 ni CEPAC, ya Wapentekoste, yenye makao makuu Bukavu na mizizi katika kazi ya wamisionari wa Sweden. Kuna pia Waanglikana na Wamethodisti, ambao katika mambo kadhaa hawafanyi kama Wabaptisti. Nje ya ECC kuna makanisa mengi ya uamsho. Kwa hiyo mtu akisema "Waprotestanti wanafundisha hivi", inafaa kumuuliza kwanza: Waprotestanti gani?

Hata maneno yanatofautiana. Mkatoliki husema Kristu, misa, padri, komunio. Mprotestanti husema Kristo, ibada, mchungaji au pasta, Meza ya Bwana. Mara nyingi herufi moja tu ya mwisho katika jina la Mwokozi inatosha kumjulisha msikilizaji msemaji anasali wapi.

Ugomvi ulianza wapi

Mwaka 1517, huko Ujerumani, mtawa na mwalimu wa Maandiko Martin Luther alipinga biashara ya rehema, yaani kulipa pesa ili adhabu ya dhambi ipunguzwe, hata kwa jamaa waliokwisha kufa. Mwanzoni hakuwa na nia ya kuanzisha kanisa lingine. Lakini kila mara alipoulizwa ana ruhusa ya nani kupinga, jibu lake lilirudi kwenye Maandiko. Mwaka 1521, mbele ya mfalme mkuu katika mji wa Worms, alikataa kufuta maandishi yake. Alisema atabadilika akionyeshwa kosa kwa Maandiko au kwa sababu zilizo wazi, kwani mapapa na mitaguso wamewahi kukosea.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni ambayo kwa Kilatini inaitwa sola scriptura, Maandiko peke yake. Maana yake si kwamba Mprotestanti hapaswi kusoma kitabu kingine au kusikiliza walimu. Maana yake ni kwamba mafundisho yote, mapokeo yote na viongozi wote wanapimwa kwa Biblia, na Biblia haipimwi kwa kitu kingine. Andiko linalotajwa zaidi ni 2 Timotheo 3, mistari ya 16 na 17, pamoja na Marko 7, pale Yesu anapowalaumu Mafarisayo kwa kuweka mapokeo ya watu mahali pa amri ya Mungu.

Kanisa Katoliki lilijibu katika Mtaguso wa Trento. Tarehe 8 Aprili 1546, maaskofu walitangaza kwamba ukweli wa Injili umo katika Maandiko na pia katika mapokeo yaliyotoka kwa Mitume, na kwamba vyote viwili vinapokelewa kwa heshima ileile. Sababu yao ni rahisi kuielewa: Yesu hakuandika kitabu. Mitume walihubiri, walibatiza na kumega mkate kabla ya barua ya kwanza ya Paulo kuandikwa. Kwa hiyo, wanasema, Kanisa lililoipokea imani kwa mdomo na kwa vitendo ndilo lililoitunza Biblia, na ndilo lenye kazi ya kuieleza. Wanataja 2 Wathesalonike 2:15, pale Paulo anapowaambia waamini washike mafundisho waliyopewa kwa maneno au kwa barua, na 1 Timotheo 3:15, linaloliita Kanisa nguzo ya ukweli.

Vitabu 73 au 66

Mabishano mengine yanakwama kwa sababu watu hawashiki kitabu kilekile. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66. Agano Jipya ni lile lile, vitabu 27. Tofauti iko katika Agano la Kale: Tobiti, Yuditi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Vinaitwa vitabu vya Deuterokanoni.

Vitabu hivyo vilikuwa katika tafsiri ya Kigiriki ambayo Wakristo wa kwanza waliitumia sana, lakini havimo katika Biblia ya Kiebrania ya Wayahudi. Mitaguso ya Afrika ya Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, iliviweka katika orodha. Luther, katika Biblia yake ya Kijerumani ya 1534, hakuvitoa kabisa: aliviweka kando, kati ya Agano la Kale na Jipya, akisema ni vizuri kuvisoma lakini si sawa na Maandiko. Trento ilithibitisha kwamba ni Maandiko kamili. Baadaye, mwaka 1826, Chama cha Biblia cha Uingereza kiliamua kutovichapisha tena, na Biblia nyingi za wamisionari wa Kiprotestanti zikafika Afrika bila vitabu hivyo.

Njo maana chini ya shitingi watu wawili wanaweza kuapa kila mmoja kwamba mwenzake anadanganya, na wote wawili wanasoma vizuri. Mkatoliki anafungua 2 Wamakabayo 12, pale Yuda Makabayo anapotoa sadaka kwa ajili ya askari waliokufa. Mprotestanti anatafuta kitabu hicho katika Biblia yake na hakioni.

Mambo manne yanayoleta mjadala

*Kuombea wafu.* Wakatoliki wanafundisha kwamba waliokufa katika neema lakini bado wanahitaji kutakaswa wanasaidiwa na sala na misa za walio hai. Wanategemea 2 Wamakabayo na desturi ya Kanisa la kale. Waprotestanti wengi wanataja Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja na kisha hukumu, na mfano wa tajiri na Lazaro katika Luka 16, ambamo hakuna kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwao ibada ya mazishi ni ya kumshukuru Mungu na kuwafariji walio hai. Mfiwa asiyejua hilo anaweza kufikiri kwamba ndugu yake Mprotestanti hampendi marehemu, au kwamba ndugu yake Mkatoliki ana shaka na wokovu wake.

*Ubatizo wa watoto.* Wabaptisti na Wapentekoste wanabatiza mtu aliyeamini na kukiri mwenyewe, kwa kuzamishwa. Munigi hakuna mto, kwa hiyo ubatizo hufanyika katika birika la kanisa au ziwani Kivu. Wanataja Matendo 8, Filipo na Mwethiopia, na Warumi 6, kuzikwa pamoja na Kristo. Mtoto mchanga wanamweka mbele ya Mungu na kumwombea, kama Yesu alivyopelekwa Hekaluni. Wakatoliki wanabatiza watoto wachanga. Wanataja Matendo 16, mlinzi wa gereza aliyebatizwa na watu wote wa nyumba yake, na desturi ya tangu zamani. Waanglikana na Wamethodisti, ambao ni Waprotestanti, nao wanabatiza watoto.

Matokeo yake katika jamaa ni mazito. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo uliofanyika kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, hata katika kanisa la Kiprotestanti. Mtu kama huyo akihamia kwa Wakatoliki habatizwi tena. Lakini Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mchanga akihamia kwa Wabaptisti au Wapentekoste, kwa kawaida anaombwa azamishwe. Kwao hilo si kurudia ubatizo, kwa sababu hawahesabu ule wa kwanza. Kwa mama aliyembeba mtoto hadi kanisani, na bado anaitunza kadi ya ubatizo, neno hilo linauma.

*Sanamu na Bikira Maria.* Waprotestanti wanataja Kutoka 20, amri inayokataza sanamu za kuchonga. Wakatoliki wanajibu kwamba kinachokatazwa ni kuabudu. Mungu mwenyewe aliagiza makerubi wa dhahabu katika Kutoka 25 na nyoka wa shaba katika Hesabu 21, na Mtaguso wa pili wa Nisea mwaka 787 ulitenganisha heshima na ibada. Waprotestanti wanaendelea: soma 2 Wafalme 18, nyoka yule yule wa shaba alivunjwa na mfalme Hezekia watu walipoanza kumfukizia uvumba. Hata hesabu ya Amri Kumi si moja: Wakatoliki wanaiweka sanamu ndani ya amri ya kwanza na kuigawa tamaa mara mbili mwishoni, wakati Wabaptisti na wengine wanaifanya sanamu kuwa amri ya pili. Mtoto anayebadilisha shule anaweza kukosa swali la mtihani wa dini kwa sababu hiyo tu.

*Cheo na mamlaka.* Katika Mathayo 16 Yesu anamwambia Petro kwamba juu ya mwamba huu atalijenga Kanisa lake. Wakatoliki wanaona hapo chanzo cha huduma ya Papa. Waprotestanti wengi wanasema mwamba ni imani ambayo Petro aliikiri, au Kristo mwenyewe. Tena kuna Mathayo 23:9, usimwite mtu baba duniani, ambayo watu wanapenda kumtajia padri. Mkatoliki anajibu kwa 1 Wakorintho 4:15, pale Paulo anapojiita baba wa waamini wake. Na mtu wa Munigi anajua kwamba jioni hiyo hiyo Mprotestanti aliyeuliza atapiga simu na kusema: "Jambo, Baba Pasta."

Swali linapowarudia Waprotestanti

Kanuni ya Maandiko peke yake haikuwapa Waprotestanti jibu moja. Luther alikubali kubakiza kanisani mambo ambayo Biblia haikuyakataza. Huko Zurich, Uswisi, Ulrich Zwingli alitaka kubaki na yale tu yaliyoagizwa, na sanamu zikatolewa makanisani mwaka 1524. Mwaka 1529 hao wawili walikutana Marburg na kushindwa kukubaliana juu ya maana ya mkate na divai, ingawa wote walisoma mistari ileile.

Zurich hapo hapo, Januari 1525, wanafunzi wa Zwingli walimgeuzia swali lake: kubatiza watoto wachanga, iko wapi katika Biblia? Wakaanza kubatiza watu wazima. Baraza la mji likawatesa, na Januari 1527 mmoja wao, Felix Manz, akauawa kwa kuzamishwa mtoni. Waliomuua walikuwa Waprotestanti.

Leo Waadventista wa Siku ya Saba wanawauliza Wakatoliki na Waprotestanti pamoja: kupumzika Jumapili mahali pa Sabato, iko wapi? Wengi wanajibu kwa Matendo 20:7 na kwa ufufuko wa Yesu siku ya kwanza ya juma. Mwadventista anasema hiyo si amri. Mkatoliki anaongeza kwamba hata Mprotestanti hapo anafuata mapokeo ya Kanisa. Krismasi tarehe 25 Desemba, korali na magita, kadi ya mshiriki: hakuna hata moja lililoamriwa kwa mstari. Wachungaji wanaeleza kwamba kuna tofauti kati ya jambo la wokovu, ambalo lazima litoke katika Maandiko, na jambo la utaratibu, ambalo kanisa linaweza kulipanga. Mpaka kati ya hayo mawili ndio ambao jumuiya hazikubaliani.

Yaliyobadilika

Zamani Mkatoliki wa kawaida hakuhimizwa sana kujisomea Biblia. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulibadilisha hilo. Hati yake juu ya ufunuo wa Mungu, Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, inafundisha kwamba mamlaka ya kufundisha ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia, na inataka waamini wote wawe na njia ya kuyasoma Maandiko. Leo katika mashirika watu wanasoma Injili na kuieleza kwa maisha yao.

Mwaka 1968 Vatikano na Vyama vya Biblia vya dunia vilikubaliana kanuni za kutafsiri Biblia pamoja. Biblia Habari Njema ya Kiswahili ni tunda la ushirikiano wa namna hiyo: inapatikana ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni au bila hivyo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema, kwa imani katika Kristo. Juu ya mamlaka ya kanisa, sakramenti na Papa, bado hawajafika mahali pamoja.

Desturi mpya nazo zimeleta maswali mapya. Misa kwa mtindo wa Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaita watakatifu na pia mababu walioishi kwa haki. Kwa Wakatoliki wengi wa Congo ni furaha ya kusali kama Waafrika. Kwa Waprotestanti wengi, hasa wa uamsho, kutaja mababu ndani ya ibada kunafanana na kile ambacho Kumbukumbu la Torati 18 inakikataza.

Pamoja na hayo yote, maaskofu wa CENCO na viongozi wa ECC wamekuwa wakifanya kazi bega kwa bega. Mwezi wa pili 2025 wajumbe wao walifika Goma kwa ajili ya mpango wa amani waliouandaa pamoja.

Mambo ya kuuliza mapema

Mambo mengi yanaharibika kwa sababu jamaa inayajua siku yenyewe, watu wakiwa wamekwisha kukaa. Haya yanafaa kuulizwa mapema kwa padri na kwa mchungaji:

- *Ndoa ya Mkatoliki na Mprotestanti.* Kwa sheria ya Kanisa Katoliki inahitaji ruhusa ya askofu, inayoombwa kupitia parokia. Mkatoliki anaahidi kushika imani yake na kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anajulishwa ahadi hiyo, haahidi yeye. Ndoa inaweza kufungwa hata katika kanisa la Kiprotestanti kama askofu ametoa kibali, lakini hairuhusiwi kufanya sherehe mbili za kiapo. Jumuiya nyingi za Kiprotestanti nazo zina masharti yao, na zinapenda wachumba wawe wa kanisa moja.
- *Ndoa ya Leta.* Kanisa lolote lile, ndoa lazima iandikishwe kwa ofisa wa serikali. Mbele ya sheria, baraka ya kanisani peke yake haitoshi.
- *Watoto.* Wachumba wazungumze kabla ya mahari kumalizika: watabatizwa lini na wapi? Kunyamaza kunasogeza ugomvi hadi siku mtoto anapozaliwa.
- *Komunio.* Katika misa, kwa kawaida komunio ni kwa Wakatoliki tu. Katika makanisa ya Kiprotestanti kila jumuiya ina utaratibu wake. Wageni waelezwe kabla, ili mtu asirudishwe mbele ya watu.
- *Kilio.* Jamaa ifuate kanisa la marehemu kwa ibada ya mazishi, na igawe saa za jioni: saa moja ya shirika, saa moja ya korali ya upande wa pili. Asiyeweza kujibu "Salamu Maria" anaweza kukaa kimya, na asiyekubali mahubiri ya pasta anaweza kusikiliza bila kubisha. Kuna sala moja ambayo wote wanaijua na Biblia zote mbili zinayo, katika Mathayo 6: Baba Yetu.